Taulo Lisilofuliwa

Nyinyi wawili mliochukua funguo zangu mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, tangu nistaafu sina wa kumgombeza, na kuku wangu hawasikii. Pili, barua yangu ya kustaafu bado iko kwenye ofisi fulani huko mjini ikingoja kugongwa muhuri, na kila nikienda naambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Kwa hiyo kwa namna fulani bado niko kazini, na mtu aliye kazini ana haki ya kuwasumbua wenzake.

Habari za vyeo sina. Ukitunza ukumbi wa mtaa kwa miaka ishirini na saba, cheo chako ni yule mama mwenye funguo. Niliajiriwa na kanjo, lile baraza la jiji la zamani, nikastaafu mikononi mwa kaunti, na katika mabadiliko hayo yote ndoo ilibaki ile ile. Nitakalowaeleza ni habari ya ngozi, kwa sababu ndiyo iliyonilia miaka yangu mingi, na kwa sababu kuna siri moja kabatini ambayo lazima muijue kabla hamjaikuta wenyewe mkashtuka.

Siku yangu ya kwanza pale ukumbini Mowlem nilipokelewa na mzee aliyekuwa anaondoka. Alinipa funguo, mopu iliyobakiwa na nyuzi chache, na sanduku la huduma ya kwanza. Nilipolifungua nikakuta mkasi na mende aliyekufa. Nikamuuliza dawa ziko wapi. Akasema hizo huwa zinakuja. Kisha akanionyesha ratiba ukutani: Jumapili kanisa, Jumatano chama cha akina mama, Jumamosi harusi ikipatikana, na kila siku jioni mabondia. Ukumbi ni mmoja, sakafu ni moja. Waumini walipiga magoti Jumapili palepale ambapo Ijumaa mtu alikuwa amelala kifudifudi akihesabiwa hadi kumi.

Jioni ile ile nikawaona mabondia kwa mara ya kwanza. Watano kati yao walikuwa na duara usoni au shingoni, duara safi lenye ukingo uliovimba, la kuwasha. Mimi ni mama. Nimelea, nikajua mara moja kwamba hayo ni mapunye, yale yale ya watoto wa darasa la pili. Nikamwita kocha pembeni nikamwambia vijana wake wanaugua. Kocha Ochola, ambaye mnamjua kwa maneno mengi na kaptura fupi, alinitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba neno hilo halitamkwi mbele ya wanaume. Pale klabuni duara liliitwa muhuri. Bondia mpya akikaa miezi miwili bila kupata duara alitaniwa kwamba bado hajasajiliwa, na likitokea alishangiliwa: amegongwa muhuri, sasa ni wetu. Nimewahi kuona watu wakificha ugonjwa, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wakiungoja kwa hamu.

Halafu kulikuwa na taulo. Lilikuwa la kijani, angalau kwenye pindo, lenye mstari mmoja mweupe uliokuwa umegeuka rangi ya chai. Inasemekana lilikuwa la bondia wa kwanza wa klabu hiyo kushinda nje ya nchi. Kabla ya kila pambano kocha alimpangusa bondia uso kwa taulo hilo, polepole, paji, mashavu, kidevu. Lilikuwa halijafuliwa tangu ushindi ule. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu hafui bendera. Ukilifua, bahati inatoka na povu.

Msidhani nilikuwa na akili kuwashinda. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kazini kwa kiherehere. Kila asubuhi nilichukua ndoo moja na tambara moja, nikaanza na kazi ngumu, yaani mlango wa choo. Nikafuata sakafu, nikapanda ulingoni, nikasugua turubai, na mwisho kabisa nikapangusa kofia za kinga za mabondia, ndani na nje, kwa tambara lile lile na maji yale yale. Nilikuwa nikiimba. Ukumbi ukang'aa, na mkuu wangu akanipa cheti cha usafi, ambacho bado ninacho. Mwezi wa tatu mihuri ikawa kumi na minne. Wa nne, mwimbaji wa kwaya ya Jumapili, mama wa watu mwenye heshima zake, akatokewa na muhuri gotini.

Aliyeniokoa ni Sista Consolata, muuguzi wa zahanati iliyo hatua chache kutoka ukumbini. Alikuja asubuhi moja kwa sababu ya lile goti. Akaketi kwenye kiti cha plastiki akanitazama nikifanya usafi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilijitahidi zaidi nikijua natazamwa. Nilipomaliza akaniita.

"Mama Ciku, nyumbani ukishasugua choo, lile tambara unawapangusia watoto uso?"

Nikasema hapana, hata Mungu hapendi.

"Basi hawa ni watoto wa nani?"

Nilitamani sakafu ile safi ipasuke nizame. Sikuwa nikisafisha. Nilikuwa nikiwagawia mapunye kwa zamu, kila asubuhi, na cheti nimepewa.

Kuanzia siku hiyo Sista akawa mwalimu wangu, na hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Aliniambia ngozi ni ukuta, na kazi ya bondia ni kubomoa ukuta wa mwenzake kila jioni. Sasa wewe unayeshika ufagio usiwe ndiye unayeingiza wezi. Akaninunulisha yale mabeseni matatu mliyoyakuta: jeupe la vitu vya usoni, la buluu la glavu na magunia, jekundu la sakafu. Kila moja lina tambara lake na hayatembeleani. Unaanza na kisafi unaishia kwenye kichafu, maisha yako yote. Dawa ya klorini inapimwa kwa kifuniko, si kwa jicho, na ukishaipaka turubai unaiacha ikae dakika kumi ndipo upanguse. Ile ya kumwaga na kufuta hapo hapo ni maigizo. Glavu msizifungie kabatini zikiwa na jasho. Zifungueni midomo, mjaze magazeti yaliyokunjwakunjwa, mzianike uani. Kurasa za siasa ndizo hunyonya vizuri zaidi, sijui kwa nini. Mkae karibu nazo lakini, kwa sababu jua la Mowlem hukausha haraka na vijana wa Mowlem huanua haraka kuliko jua.

Mengine ni ya kuwaambia mabondia wenyewe, na mtayasema mpaka mchoke. Aoge akimaliza mazoezi, sio akifika nyumbani baada ya kupitia kwa marafiki. Kila mtu na taulo lake, wembe wake, bandeji zake za mikono, na bandeji zifuliwe. Kucha fupi. Jipu halikamuliwi, hata na binamu aliyesomea. Linafunikwa na mwenyewe anapelekwa kwa Sista. Mwenye duara apumzike kupigana mpaka dawa imefanya kazi siku kadhaa na zahanati imekubali, alifunike akirudi, na aendelee kupaka hata baada ya duara kupotea, kwa sababu lile huwa halijaondoka, limejificha. Na mafuta ya taa si dawa. Nimeona kijana ameunguza nusu ya shingo akifukuza kiduara cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Duara lilibaki.

Serikali nayo haikutusahau. Baada ya mimi kuandika barua nyingi za kuomba maji na sabuni, tuliletewa mabango. Mazuri kweli, ya rangi, yanayoonyesha mtoto anayecheka akinawa mikono. Tukaelekezwa tubandike moja juu ya bomba. Bomba hilo lilikuwa halijatoa maji kwa wiki sita, na mimi nilikuwa nikinunua mitungi kwa mwenye mkokoteni. Nikalibandika. Akaja mtu kulipiga picha.

Kisha akaja mheshimiwa mmoja kukabidhi glavu mpya. Kwa heshima yake Kocha Ochola akatoa taulo na kumpangusa uso mbele ya umati, paji, mashavu, kidevu, na mheshimiwa akafumba macho akapigiwa makofi. Mimi nilikuwa nyuma na trei ya soda. Hazikupita wiki mbili akaonekana kwenye mkutano na duara katikati ya paji. Akautangazia umma kwamba maadui zake wamemrushia kitu. Akaombewa kwa siku tatu. Ni mimi na Sista tu katika Nairobi nzima tuliojua adui ni nani, naye alikuwa amening'inizwa kwenye msumari ukumbini, wa kijani kwenye pindo.

Nilimweleza kocha. Akasema mheshimiwa si mwanamichezo, ngozi yake haijazoea.

Sasa nifike kwa Nafula. Vijana wa siku hizi mnamjua kama kocha wa wasichana, mwenye sauti. Wakati ule, miaka kumi na minne iliyopita, alikuwa msichana mwembamba aliyekuwa akifulia watu nguo kwenye maghorofa ya Tassia mchana na kupigana jioni. Alikuwa na mikono ya kasi ambayo hata mimi nisiyejua ndondi niliweka ufagio chini kuitazama. Idara moja iliyokuwa na timu ya mabondia ilitangaza mchujo wa wanawake. Wangechukua mmoja wa uzito wake na kumwajiri, kazi ya kudumu, nyumba ya kukaa, mazoezi kila siku. Mchujo ungefanyika pale pale ukumbini kwetu. Daktari wao angekagua ngozi ya kila bondia asubuhi ya kupima uzito, na mwenye kidonda au duara lisilotibiwa angerudishwa nyumbani.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilimwona Nafula akifanya mazoezi na kitambaa shingoni, kwenye joto la mwezi wa pili. Nikamwambia akitoe. Akasema ni mtindo. Nikakitoa mwenyewe. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na muhuri mkubwa, na mwingine mdogo umeanza karibu nao.

"Mathe, tafadhali usiseme," akaniambia, maana kwa vijana wote mama mwenye funguo ni Mathe. "Nitapaka makeup siku hiyo, hawatajua. Nikikosa hii, mimi ndio basi. Nitafua za watu mpaka nizeeke."

Nilimwonea uchungu. Kocha alikuwa tayari ameahidi kumtafutia poda ya rangi yake. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari wa idara na kitambaa chake cha maji humuumbua mapema zaidi. Nikamshika mkono nikamburuta kwa Sista. Alipewa krimu na akakatazwa kupigana na mtu kwa siku kadhaa. Apige gunia lake peke yake, nami nalisafisha nyuma yake. Kocha hakunisalimia wiki nzima. Klabuni wakasema Mathe ana kijicho, anamfungia msichana milango. Nilikula maneno hayo asubuhi na jioni, na Nafula mwenyewe alikuwa akinipita kama hanioni. Lakini alipaka. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa laini, imebaki alama hafifu tu, na Sista akamwandikia barua ya kueleza tiba yote.

Hapo ndipo nikakumbuka taulo. Siku ya mchujo kocha angempangusa, kwenye taya ile ile, kisha wasichana wengine wanne wa klabu baada yake. Nilimwomba Nafula akatae. Mtu huyu alikuwa akifua shuka za watu wa ghorofa tano, anajua uchafu kwa majina, lakini aliniangalia kwa hofu ya kweli. Akaniambia mwaka uliopita kocha alisahau taulo nyumbani na yeye akapigwa raundi ya kwanza.

"Bila hiyo taulo siingii, Mathe. Heri wanirudishe."

Basi asubuhi ya mchujo, wakati kocha yuko nje akipanga viti, nililitoa taulo msumarini nikaliingiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Nia yangu ilikuwa njema: nilichemshe, nilikaushe, nilirudishe, mtu asijue. Ninyi mnaofua mnaweza kukisia. Lile taulo lilikuwa limeshikiliwa na uchafu peke yake. Maji yalipoutoa uchafu, hakukuwa na kitu kingine cha kulishikilia. Nilitumbukiza mwiko nikatoa pindo. Nikatumbukiza tena nikatoa nyuzi. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia, kwa sababu nilijua nimemmaliza msichana wa watu kwa mikono yangu na sufuria yangu.

Kisha nikajifuta nikavua aproni nikakimbilia soko la mitumba la mtaa wa Umoja. Mungu si Athumani, nikapata taulo la kijani lenye mstari. Mstari ulikuwa mpana kidogo. Nikalifua na kulichemsha kwanza, mnielewe hapo, halafu nikalitia kwenye chai ya rangi iliyokolea, nikalisugua kwenye ukingo wa jiwe mpaka likachakaa, nikalikausha kwa pasi. Rangi ilikubali. Umri ulikubali. Harufu ndiyo iliyonishinda: lilinuka usafi, na pale ukumbini harufu hiyo ingeshtua watu. Nikalifungia kwenye mfuko mmoja na pakiti ya omena, wale dagaa wakavu, niliyokuwa nimenunua ya jioni, nusu saa, pakiti ikiwa imefungwa. Jipya nikalitundika msumarini, masalia ya lile la zamani nikayatupa kwenye pipa la uani.

Daktari wa idara alikuwa mtu wa macho makali. Alipangusa shingo ya Nafula kwa kitambaa cha maji, kama nilivyosema, akaiona alama, akasoma barua ya Sista mara mbili, akasema anayejitibu anajua kazi. Wasichana wawili wa klabu nyingine walikuwa wamepaka poda. Walirudi nyumbani wakilia, poda imechuruzika. Mchana kocha akalitoa taulo. Nilisimama karibu na mlango nikiwa tayari kukimbia. Alilishika, akaligeuza upande wa pili, akampangusa: paji, mashavu, kidevu. Nafula akavuta pumzi ndefu, akapanda ulingoni na kushinda raundi zote tatu. Mwezi uliofuata alihama Tassia.

Siri yenyewe basi ni hii. Taulo lililoko msumarini leo ni la sita. Chini ya mapazia ya harusi, kabati la pili, mtakuta mengine mawili yaliyochemshwa, pamoja na kipimo cha chai. Lichemsheni usiku baada ya kila pambano, na likichakaa mlibadilishe. Omena si lazima. Siku hizi wamezoea. Na kwa miaka hii kumi na minne hakuna aliyepata muhuri kupitia kwenye bahati. Neno lenyewe limekufa. Vijana wa sasa wanasema mapunye, kwa aibu, kama inavyotakiwa.

Siku ya kuniaga mlikuwepo lakini hamkusikia tuliyosemezana, kwa sababu spika za harusi zilikuwa zikijaribiwa. Nafula alikuja na wasichana wake, akaninong'oneza huku akicheka kwamba siku ile taulo lilinuka samaki akadhani ndiyo harufu ya ushindi. Nikamkanya anyamaze, kocha yuko karibu. Kocha Ochola, ambaye sasa ana mvi na kaptura ni ile ile, akanishika bega.

"Mama Ciku, nilijua siku hiyo hiyo. Niliona masalia kwenye pipa."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu miaka yote.

"Msichana alikuwa anataka kupanguswa uso na mtu anayemwamini. Taulo ni taulo tu."

Kwa mara ya kwanza tangu tujuane alikuwa amesema maneno machache, na yote yalikuwa na maana. Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimempenda mzee huyu kama ndugu kwa miaka mingi nikimdhania mjinga. Ndipo akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa mazoezi, ule mweusi anaobebea soksi, akatoa kipande cha kijani chenye mstari wa rangi ya chai. Aliokota pindo siku ile akaliweka. Nililichemsha mwenyewe, ni kweli, lakini miaka kumi na minne ndani ya soksi za Ochola haikuwa likizo. Nilijua kila kitu ninachokijua. Nilikuwa na mabeseni matatu na mafunzo ya Sista kichwani. Nikafumba macho nikamwacha anipanguse, paji, mashavu, kidevu.

Mganga hajigangi. Siku ya kumi nilienda zahanati nikiwa na kitambaa shavuni, nikasema ni mtindo. Sista alistaafu zamani. Yuko kijana wa koti jeupe, mpole, anajaza fomu. Akalitazama duara, akaniuliza umri wangu, kisha akaniuliza kama kuna mchezo wowote wa kugusana ninaoshiriki.

Nikamwambia aandike hakuna mchezo. Aandike nimestaafu, na muhuri huu hapa.